Mpangaji Hayumo Kwenye Hesabu

Asanteni. Walio nyuma sogeeni mbele, viti vipo.

Nimeombwa nieleze miji inavyopima athari za majengo mapya kwa nyumba za watu wa kipato cha chini. Nitaanzia New York, kwa sababu kule kila hatua ya upimaji imeandikwa, na kilichoandikwa unaweza kukikagua mstari kwa mstari.

Mwekezaji wa New York akitaka kupandisha ghorofa kuliko mpango wa eneo unavyoruhusu, mradi wake, ukiwa mkubwa, hupitishwa kwenye mapitio ya mazingira. Humo, pamoja na moshi, kivuli na foleni za magari, mna sura ya hali ya kijamii na kiuchumi. Sura hiyo huuliza kwanza kama mradi utawahamisha watu moja kwa moja. Wakiwa hawafiki 500, kwa kawaida swali huishia hapo. Kisha huuliza kama utapandisha kodi za majirani hadi wenyeji washindwe kulipa, na hili huulizwa mradi ukiongeza nyumba zaidi ya 200. Wataalamu huangalia kipato cha wanaokuja, halafu idadi yao. Wasipozidi asilimia 5 ya wakazi wa eneo, faili hufungwa.

Kinachonikera ni hiki. Wanapohesabu walio hatarini, huwatoa wapangaji wa nyumba ambazo kodi yake inadhibitiwa na sheria. Wanasema hao wamelindwa. Kwenye karatasi, sawa. Lakini mwenye nyumba aliyenusa kodi ya soko imepanda ana njia zake: mtambo wa kupasha nyumba joto hautengenezwi wakati wa baridi, kesi za mahakamani haziishi, mwisho anakuja na bahasha ya fedha ili mtu aondoke. Mpangaji huyo akihama, hesabu haimwoni, maana hakuwemo tangu mwanzo.

Wakazi wa Inwood, kaskazini mwa Manhattan, eneo lenye watu wengi wa asili ya Jamhuri ya Dominika, waliupeleka mahakamani mpango wa jiji wa 2018 wa kuruhusu majengo makubwa zaidi mtaani kwao. Desemba 2019 jaji aliufuta, kwa kuwa jiji lilikataa kuyajibu maswali yao, likiwemo la athari kwa makundi ya rangi na kabila. Julai 2020 mahakama ya rufaa ikaurudisha: jiji halikulazimika kuchunguza hilo. Mwaka uliofuata Baraza la Jiji likatunga sheria inayodai ripoti ya usawa wa rangi kwa miradi mingi mikubwa, na kuanzia 2022 zimewekwa hadharani takwimu na ramani ya hatari ya watu kusukumwa nje ya mitaa yao. Ripoti haina meno, diwani anaweza kuisoma na bado akapitisha. Mimi naiona ina faida, kwa sababu hawezi tena kusema hakujua.

Kuna pia suala la kipimo cha unafuu. Chini ya mpango wa New York wa 2016, unaomtaka mwekezaji atenge nyumba nafuu, njia mojawapo ni kutenga asilimia 25 ya eneo la makazi kwa familia zenye wastani wa asilimia 60 ya pato la kati, yaani pato ambalo nusu ya familia ziko juu yake na nusu chini. Pato la kati la wapi? La jiji pamoja na vitongoji tajiri vya nje yake. Kwa hiyo nyumba ya "nafuu" ndani ya Bronx inaweza kuwa juu ya uwezo wa jirani anayeitazama ikijengwa. Wenzetu Kenya, Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inaweka kundi moja la kipato cha shilingi 20,000 hadi 149,000 kwa mwezi. Mlinzi na meneja wake, kapu moja!

Sasa turudi Dar es Salaam. Fidia yetu imefungwa kwenye haki ya ardhi. Kanuni za fidia ya ardhi za 2001 zinataja hata posho ya makazi kwa kodi ya soko ya miezi 36, na usafiri wa tani 12 za mizigo, lakini hesabu nzima inaanza na jina la mwenye kiwanja. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo ina vyumba sita, pengine familia sita. Mwekezaji anainunua, wanaelewana, inavunjwa. Kwenye kumbukumbu hiyo ni biashara ya hiari, hakuna aliyehamishwa. Mpangaji amepewa notisi. Anakoenda anadaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo na mwezi mmoja wa dalali, halafu kila siku anaongeza nauli. Gharama hiyo haimo kwenye tathmini yoyote.

Msiniambie haiwezekani kumhesabu. Magomeni Kota kaya 644 zilikuwa za wapangaji. Nyumba zao zikavunjwa, zikasubiri mpya karibu miaka kumi, kipindi ambacho siwezi kukisifia, lakini orodha ilikuwepo, na mwaka 2022 zikafunguliwa nyumba mpya kwa ajili yao.

Ninachopendekeza ni kazi ya ofisi ya mtaa. Kabla ya kibali cha kuvunja, iandikwe idadi ya vyumba, kodi ya kila kimoja, na mpangaji amekaa miaka mingapi. Vyumba, si nyumba. Jengo likishafunguliwa, mtu arudi na orodha ileile aulize nani kabaki na waliohama wako wapi. New York kanuni haiwalazimishi kurudi kuangalia kama utabiri ulitimia. Kwa mpango wa Downtown Brooklyn, eneo la jiji hilo, mwaka 2004, walitabiri nyumba zisizofika 1,000, zikaja kujengwa maelfu, na hakuna aliyetakiwa kufungua faili upya. Kwetu daftari la mkazi tayari liko kwa mwenyekiti wa mtaa. Tuongeze safu ya kodi.

Nipo kwa maswali.