Yale Mafungu Matatu ya Mwaka 1623

Ndugu wasikilizaji, kila mwaka husahihisha insha zinazoanza kwa sentensi ile ile, kwamba tamthilia za zama za Malkia Elizabeth wa Kwanza zilikuwa za aina tatu: tanzia, yaani zinazoishia kwa msiba, futuhi, yaani za kuchekesha, na tamthilia za kihistoria. Nimekwisha kulisema hili katika ukumbi huu, na leo nalirudia: mafungu hayo ni ya kitabu, si ya jukwaa. Waliyapanga waigizaji wawili, John Heminges na Henry Condell, walipochapisha tamthilia za Shakespeare mwaka 1623, miaka 20 baada ya Malkia kufariki, nao walikuwa wakipanga kazi za mtunzi mmoja tu.

Chukueni tamthilia ya Arden of Faversham, iliyochapwa mwaka 1592 bila jina la mtunzi. Arden, mtu mwenye mali wa mji mdogo katika jimbo la Kent, Uingereza, aliuawa kwelikweli mwaka 1551. Katika tamthilia, mkewe Alice na hawara wake Mosby wanakodi wauaji, ambao wanamkosa mara kwa mara. Safari moja wamemvizia mtaani London, kijana wa dukani akaangusha ubao wa kibanda chake, ukampasua kichwa muuaji mmojawapo, aitwaye Black Will. Hatimaye Arden anauawa nyumbani kwake akicheza dadu, na maiti yake inatupwa shambani. Theluji inazihifadhi nyayo za wauaji, na kiatuni mwa marehemu yamenasa majani yaliyotandazwa sakafuni mwa chumba alimouawa. Watu wanakufa, watu wanacheka, na kisa chenyewe kimetoka katika kitabu cha historia cha Holinshed. Je, tukitie fungu gani?

Najua yupo atakayenikumbusha kwamba Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alitaka tanzia iwe ya anguko la mtu mkubwa. Sawa, lakini watu waliolipa peni moja kusimama uani mwa ukumbi wa maonyesho hawakuja na Aristotle mfukoni.

Hata Shakespeare mwenyewe hatulii ndani ya mafungu hayo. Tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere alitupatia kwa jina la Mabepari wa Venisi ilipochapwa mwaka 1600 iliitwa historia, kisha mwaka 1623 ikawekwa miongoni mwa futuhi; nami sijapata kuona darasa likicheka Shylock, yule Myahudi mkopesha fedha, anapolazimishwa kubadili dini.

Nilikusudia kueleza tanzia za kisasi za Thomas Kyd na futuhi za John Lyly, zilizoigizwa na wavulana mbele ya Malkia, lakini mwenyekiti ameanza kuitazama saa yake. Basi nimtaje Thomas Dekker peke yake, ambaye katika The Shoemaker's Holiday ya mwaka 1599 anamfanya fundi viatu, Simon Eyre, kuwa Meya wa London, kisha anamleta mfalme kwenye karamu aliyowaandalia vijana wanaojifunza kazi; na mfalme huyo, waheshimiwa, hatajwi hata jina.