Kipindi: Waliofuata Mkate

MPWA: Shikamoo, shangazi.

SHANGAZI: Marahaba, mwanangu.

MPWA: Wasikilizaji, karibuni tena. Tunarekodi kibarazani kwa shangazi, hapa Bagamoyo, kwa hiyo mkisikia jogoo msishangae. Leo tunauliza: mtu anakwenda kanisani kwa nia gani?

SHANGAZI: Jogoo huyo anajisikia kama mimi nilipokuwa sauti ya kwanza.

MPWA: Anzia hapo hapo.

SHANGAZI: Pasaka moja mwalimu wa kwaya akampa binti mwingine ubeti niliozoea kuimba peke yangu. Basi nikaanza kuumwa! Kila siku ya mazoezi, kichwa. Jumapili tatu nimelala ndani, na wala hakuna aliyenifukuza. Ya nne nikajiuliza, kumbe miaka yote hii nilikuwa namwimbia nani?

MPWA: Mimi Kwaresima hii, Jumatano ya Majivu, nilijipiga picha na majivu usoni, nikaiweka status.

SHANGAZI: Na siku hiyo hiyo inasomwa Mathayo 6! Ukifunga, nawa uso, jipake mafuta, watu wasijue. Tunaisikia, tunaitikia, halafu tunapanga foleni ya majivu. Majivu hayana kosa, ni toba yetu sote. Ila hiyo simu yako...

MPWA: Nilikuwa nahesabu waliotazama. Na saa saba mchana nilikuwa kwa muuza chipsi.

SHANGAZI: Yesu na Maria!

MPWA: Sasa, wapo wanaokwenda kanisani kutafuta kazi, mume, viza. Vijana wenzangu wanasema hao ndio wanafiki wakubwa.

SHANGAZI: Hapo nakataa. Soma Yohana 6. Watu wamelishwa mikate mitano na samaki wawili, kesho yake wanavuka ziwa kumtafuta Yesu. Akawaambia waziwazi: mmenifuata kwa sababu mlikula mkashiba. Lakini aliwafukuza? Hakuwafukuza. Alianzia kwenye huo huo mkate wao, akawaeleza mwingine. Walioondoka baadaye waliondoka wenyewe. Ukali wake aliwawekea wanaosali njia panda ili waonekane. Mwenye shida anajua ana shida, unaweza kuzungumza naye. Mimi na ubeti wangu ungeniambia nini nikakusikia?

MPWA: Hata pale misheni yetu hapa Bagamoyo, basi. Mapadre wa Roho Mtakatifu, shirika la Kikatoliki, walifika mwaka 1868, wakakomboa watu utumwani. Wale watu walipata pa kulala, chakula, shule na katekisimu, vyote mlango mmoja. Mtu katoka kwenye minyororo, anabatizwa. Utamuuliza nia yake?

SHANGAZI: Angekwenda wapi? Na mbona hatumuulizi anayelisha? Naye ana nia yake. Anayegawa unga akihesabu vichwa vya kubatiza, huyo ndiye ningependa kumuuliza. Yule aliyeuzwa kama pembe ya ndovu, mwacheni ale kwanza.

MPWA: Ila swali lenyewe limo kwenye Biblia. Ayubu anamcha Mungu bure?

SHANGAZI: Limo, na aliyeliuliza ni Shetani, akimchunguza mtu mwingine. Jiulize mwenyewe, ni swali zuri sana.

MPWA: Na harambee? “Wenye laki moja wasimame tuwapigie makofi!”

SHANGAZI: Na mama mwenye elfu moja abaki amekaa, akitazama kandambili zake. Yule mjane wa Marko 12 alitia senti mbili. Yesu aliwaita wanafunzi wake akawaambia. Hakumsimamisha mtu. Mimi nasema hiyo tabia iishe, na paroko akinisikia anisikie.

MPWA: Tutakatwa jumuiya, shangazi! Haya, kwaya ulirudi?

SHANGAZI: Nilirudi. Sauti ya pili, nyuma ya nguzo. Sionekani, wala sipigiwi makofi.

MPWA: Na yule binti?

SHANGAZI: Anauimba vizuri kuliko mimi. Miaka miwili ilipita ndipo nikaweza kulitamka hilo.

MPWA: Kwa hiyo sasa akiimba unafurahi?

SHANGAZI: Jumapili nyingine nafurahi. Nyingine namsikiliza kama atakosea.

(jogoo anawika)