Chombo Kina Umri Wake, Nembo Ina Umri Wake

Assalamu alaikum, na habari za jioni kwenu nyote. Mwenyekiti amenipa dakika arubaini. Naona wanaonijua wameshaanza kucheka, maana wanajua thelathini kati ya hizo zitaishia kwenye sinia moja. Haya, na tuanze na hilo sinia.

Asili ya nembo za koo za Ulaya, zile ngao zenye alama za kumtambulisha mwenyewe, sitaieleza. Wapiganaji wa farasi, ngao, kofia za chuma, hayo mmeyaona kwenye filamu. Mimi nazungumza na mtu aliyesimama mnadani, kashika chombo cha kale chenye nembo, na mkono wa pili umeshaanza kupanda. Huyo ndiye mgonjwa wangu. Nataka niukamate huo mkono kabla dalali hajauona.

Nami nimekuwa mgonjwa huyo huyo. Nilikuwa sijamaliza miaka mitatu Uingereza, nafanya kazi ya kukarabati fanicha za zamani, nikaenda kwenye mnada wa mashambani: ukumbi wa kijiji, viti vya plastiki, harufu ya mbwa walionyeshewa. Juu ya meza palikuwa na sinia dogo la fedha, upana wake kama sahani ya wali, lina vijiguu vitatu. Nikaligeuza. Chapa zote zinazogongwa kwenye fedha ya Kiingereza zipo: simba anayetembea, kichwa cha chui chenye taji ambacho ni alama ya London, herufi ya mwaka, na herufi za jina la sonara. Nikafungua kijitabu changu cha chapa: miaka ya 1730, zama za Mfalme George wa Pili. Nikaligeuza tena. Katikati pana ngao, juu yake riboni, pembeni vishada vya maua vinaning'inia. Moyo ukaniambia, hili limetoka kasri hadi kasri mpaka likaja kumwangukia mtoto wa Mombasa. Na karatasi ya mnada ikaongeza chumvi: sinia la zama za George wa Pili, lenye nembo ya mwenyewe. Maneno hayo yalinigharimu mshahara wa mwezi na nusu.

Jumatatu nikalipeleka kwa mzee mmoja, sonara, ili anisifu. Hakunisifu. Aliweka kidole gumba juu ya sinia na cha shahada chini yake, akavisogeza polepole kutoka ukingoni kwenda kati, kama mama anavyopima chapati iliyosukumwa. Ukingoni fedha nene. Katikati, penye nembo, imekwenda ikawa nyembamba. Akabonyeza. Sinia likalia *tik*, kama kifuniko cha kopo la samli. Kisha akaliinamisha dirishani, akalipumulia pumzi ya moto, *haaa*, kama mtu anayesafisha miwani. Ukungu ukatanda. Ulipoanza kukauka, chini ya ile ngao yangu ya fahari ikajitokeza mistari mingine, hafifu, kama makovu ya zamani. Haikuwa ngao. Ilikuwa uru. Uru ya karata, umbo la kipande cha kashata. Ikakaa kama sekunde tano, ikapotea.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo ulipo mhadhara wote. Kwa kanuni za nembo za Waingereza, mwanamke ambaye hajaolewa, au aliyefiwa na mume, nembo yake haichorwi kwenye ngao. Ngao ni kifaa cha vita, na wao walishikilia kwamba mwanamke haendi vitani. Huchorewa uru. Kwa hiyo mwenye sinia wa kwanza alikuwa mwanamke, mjane au mwanamwali, miaka ya 1730. Na ile ngao niliyoiona mimi, umbo lake kama sepetu, yenye riboni na vishada, ni mtindo wa mwisho wa karne ya 18. Sinia lina umri wake, nembo ina umri wake, na baina yao kuna miaka hamsini na mwanamke mmoja aliyekwanguliwa.

Mtaniuliza, alikwanguliwa kwa nini? Fedha ilikuwa benki ya watu wale. Ukifilisika unauza masinia, ukirithi unayachukua, na hakuna anayependa kumpa mgeni chai juu ya sinia lenye jina la mtu mwingine. Basi linapelekwa kwa fundi, anakwangua nembo ya zamani, anagonga kwa nyuma kidogo fedha ijae, anasugua mpaka ing'ae, anachonga mpya. Hilo la kale nalisamehe. Nisilolisamehe ni la leo. Mpaka leo wapo wachuuzi wanaofuta nembo ili chombo kiwe "safi" na kiuzike haraka, na wapo wanaochonga nembo ya jana kwenye chombo cha miaka 250 ili bei ipande. Wengine hukata kipande chenye nembo kwenye chombo kibovu wakakitia lehemu kwenye kizuri. Nimesema mara ngapi? Pumulia! Pumzi ni bure. Mstari wa lehemu hauwezi kujificha chini ya ukungu, kwa kuwa lehemu haing'ai sawa na fedha iliyoizunguka.

Sasa, umri wa nembo utaujuaje? Usianze na ngao, anza na pambo lililoizunguka. Miaka ya mwanzo ya karne ya 18 pambo ni zito na limelingana kulia na kushoto, lina magamba ya samaki au kama ukuta wa matofali nyuma yake. Ukifika kati ya 1740 na 1770 pambo linalewa: makombe ya bahari, majani yanayopinda, upande huu haufanani na ule. Baada ya hapo ndiyo inakuja ile sepetu yangu na riboni zake. Hamhitaji shahada. Sisi tunaoweza kumtazama mtu kofia tukajua imeshonwa Lamu au Unguja, tutashindwa na hili?

Kisha rangi. Fedha haina rangi, lakini nembo yake inayo, ukijua kuisoma. Kwenye ngao utaona mistari midogo sana, chukua lenzi. Mistari ya wima ni nyekundu. Ya kulala, kutoka upande hadi upande, ni buluu. Vitone ni dhahabu. Pasipo kitu ni fedha. Utaratibu huo ulienea kwa kitabu cha padri Mjesuiti, Silvester Petra Sancta, mwaka 1638, na mafundi wanaufuata mpaka leo. Nilimwonyesha mpwa wangu wa miaka tisa, akasoma sahani tatu kabla ya chakula cha mchana. Watu wazima hawataki, wanasema ni mikwaruzo.

Na jambo linalonichosha kuliko yote: kulia na kushoto. Ngao husomwa kwa mkono wa anayeishika, si wewe unayeitazama. Kulia kwake ni kushoto kwako. Ngao iliyogawanywa wima katikati, aghalabu nusu ya kulia ni ya mume, nusu ya kushoto ni ya mke. Ukigeuza umewaoza watu ambao hawakuoana. (Kicheko.) Mnacheka, lakini nimeona karatasi ya mnada imefanya hivyo hivyo, na kuna mtu alilipa.

Ndugu mmoja alinifuata mwaka jana na picha ya kijiko. Kwenye ngao kuna mkono mwekundu, kiganja wazi. Akaniambia, "Ustadh, hawa walikuwa wanaogopa kijicho, hii ni kinga." Sivyo, kaka yangu. Ule ni mkono wa Ulster, jimbo la Ireland, nao ni alama ya baroneti, cheo cha kurithiwa kilichoanzishwa na Mfalme James wa Kwanza mwaka 1611. Ni taarifa nzuri kweli kweli, inakupunguzia utafutaji kutoka maelfu ya koo hadi mabaroneti peke yao. Lakini yeye alishamwambia mkewe ni kinga, na kijiko kimetundikwa juu ya mlango.

Naona bwana pale nyuma ametikisa kichwa. Najua swali, huulizwa kila mahali: haya mambo ya mabwana wa Kizungu yanatuhusu nini sisi? Nami nauliza, tangu lini mtu wa Pwani akaona haya kupenda chombo cha mgeni? Mambrui kuna kaburi la mnara lililopachikwa mabakuli ya Kichina. Kunduchi vilevile. Nyumba za kale za Lamu zina zidaka ukuta mzima, na ndani ya zidaka mlikuwa na nini? Sahani za Kichina. Wazee wetu hawakuwa Wachina. Walijua chombo kizuri wakikiona, wakakipa nafasi ukutani, hata makaburini.

Na kwa kuwa nimetaja Uchina, hapa nembo inakuwa tamu. Mfalme Manuel wa Kwanza wa Ureno, huyo huyo aliyemtuma Vasco da Gama aliyefika kwetu mwaka 1498, alama zake zilichorwa Uchina kwenye kauri ya buluu na nyeupe mapema katika karne ya 16. Vimo vyombo vya zama zile ambavyo nembo ya Ureno imechorwa kichwa chini. Fundi hakuwahi kuiona, ameletewa mchoro, aujuaje wapi juu na wapi chini? Baadaye, karne ya 18, Waingereza waliagiza seti nzima za mezani. Mchoro wa nembo unapanda meli mpaka Canton, bandari ya Uchina, sahani zinarudi pengine miaka miwili baadaye. Wengine waliandika kwenye mchoro, hapa nyekundu, hapa kijani, na vimesalia vyombo ambavyo fundi ameyanakili hayo maneno kama sehemu ya nembo. Ukikuta sahani ya namna hiyo usiite mbovu. Nifuate mimi kwanza.

Iliyo karibu na moyo wangu ni seti ya Kamanda Anson, wa jeshi la majini la Uingereza. Mwaka 1743 moto uliwaka Canton, mabaharia wake wakasaidia kuuzima, na husimuliwa kwamba wafanyabiashara wa Kizungu waliokuwa pale wakamzawadia seti ya kauri yenye nembo yake. Iko Shugborough, Staffordshire. Katikati ya sahani mmechorwa nini? Mshelisheli! Mti huo ndio uliowalisha watu wake kisiwani Tinian walipokuwa hoi kwa maradhi. Waingereza wanasimama mbele ya kabati wakisoma maelezo mti gani huo, na mimi nimesimama nyuma yao, naujua tangu utotoni.

Mwenyekiti ananionyesha vidole vitano. Basi haraka.

Majina. Tafadhali, usinunue nembo kwa sababu jina lake linafanana na la bosi wako au mkweo. Nembo ya Kiingereza hupewa mtu na kizazi chake, si kila mwenye jina lile. Kwetu nisba huenda kwa ukoo mzima, kwao sivyo. Duka linalokuuzia "nembo ya familia ya Smith" linakuuzia karatasi. Wanaothibitisha ni Chuo cha Nembo London, cha tangu 1484, na Scotland wana mahakama yao.

Kishungi. Kile kichwa cha ndege au mkono wenye upanga ulio juu ya kofia ya chuma, aghalabu huchongwa peke yake kwenye vijiko na uma. Hiyo si nembo nzima, ni kishungi tu, na koo nyingi hushirikiana kishungi kimoja. Ukiona kishungi peke yake, usitaje jina la mtu.

Kodi, na hiki ni kichekesho: kuanzia 1798 mpaka 1944 serikali ya Uingereza ilitoza kodi kwa kutumia nembo, na ukiichora kwenye gari la farasi unalipa zaidi. Majivuno yalikuwa na risiti.

Bandia za kauri: kiwanda cha Samson cha Paris, kilichoanza 1845, kiliiga kauri za Kichina zenye nembo kwa ustadi mkubwa. Chapa ya chini ikiwa imesagwa, acha. Hili lilihitaji saa nzima, mtanisamehe.

Na kwa asiye na pesa, yaani sisi sote: tafuteni vijikauri vya Goss, vya Stoke-on-Trent, vyenye nembo za miji. Vilitengenezwa kwa ajili ya watalii, vinatosha kiganjani, na bei yake aghalabu ni ya chakula cha mchana. Jifunzieni hapo kusoma. Ukikosea umekosea kwa bei ya chakula cha mchana.

Wakati umekwisha, naona. Sinia nililowaambia nimekuja nalo, liko mezani karibu na mlango, juu ya kitambaa cha kijani. Sikuliuza. Msilisugue kwa majivu wala limau, na watoto wasilibonyeze ile *tik*, limechoka. Anayetaka kumwona yule mwanamke aliinamishe upande wa dirisha, apumue polepole, na amwite wa nyuma yake mapema, maana ni sekunde tano tu.