Jinsi ya kupima fremu ya duka kwa QGIS kabla hujamlipa dalali: mfano wa Tandale

Karibu tena. Leo tuna kazi moja. Mtu ana mtaji wa duka la dawa, anatafuta fremu Tandale, hapa Dar es Salaam. Dalali ameshamtembeza kwenye fremu tatu, na kila moja ameiapia kwamba ndiyo yenyewe. Kodi inalipwa ya miezi sita kwa mkupuo, kwa hiyo akikosea amekosea kwa nusu mwaka. Tutazipima hizo fremu tatu kwa GIS, yaani mfumo wa taarifa za kijiografia, kwa laptopu ya kawaida na programu ya bure iitwayo QGIS. Kama hujawahi kuishika GIS, baki hapa hapa, usiogope.

Kwanza niseme kwa nini Tandale. Kata hii ilichorwa na watu wake. Mwaka 2011 wakazi na wanafunzi walipita mtaa kwa mtaa na GPS, kisha mwaka 2015 ukaja mradi wa Ramani Huria, ambapo wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi hiyo pamoja na wakazi katika kata zinazokumbwa na mafuriko. Kazi yao iko wazi kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuichora na kuitumia bure: vichochoro, mitaro, nyumba, maduka. Ukifanya zoezi hili kwenye kata ambayo haijapitiwa, ramani itakuonyesha hakuna mshindani hata mmoja, nawe utafurahi bure.

Haya, twende kazi.

Hatua ya kwanza, pakua QGIS kutoka qgis.org. Chukua toleo la muda mrefu, lile lisilobadilikabadilika. Faili la Windows linazidi GB 1, kwa hiyo subiri bando la usiku. Ukishasakinisha, fungua mradi mpya. Kushoto kuna orodha. Tafuta palipoandikwa XYZ Tiles, bonyeza mara mbili OpenStreetMap, na dunia itatokea. Vuta mpaka Tandale. Ukiona Barabara ya Morogoro inapita kusini, Manzese pale, umefika.

Hatua ya pili inarukwa na wengi, na ndiyo inayowaangusha. Tazama kona ya chini kulia, kuna maandishi EPSG na namba. Huo ndio mfumo wa majiranukta, yaani namba zinazotaja mahali kitu kilipo. Bonyeza, tafuta 32737, chagua. Hiyo ni kanda ya 37 kusini ya UTM, mfumo unaoigawa dunia kanda kanda na kupima kwa mita. Uko Arusha, Tanga, Mombasa au Nairobi? Namba ni hiyo hiyo. Uko Dodoma au Mwanza, tumia 32736. Kigoma mjini, 32735. Ndiyo, nchi yetu ni pana kiasi hicho.

Sasa sikiliza. Kubadilisha namba ya kona hakubadilishi leya zenyewe. Leya ni lile tabaka la taarifa, kama karatasi ya plastiki uliyoitandika juu ya ramani, na kila leya ina mfumo wake. Mara ya kwanza nafanya zoezi hili nilibadilisha ya kona, nikaridhika, nikachora duara la 500 kuzunguka duka. Skrini nzima ikawa rangi ya chungwa. Nikapunguza ramani, chungwa. Nikapunguza mpaka Afrika ikawa ndogo, bado chungwa. Leya yangu ilikuwa inapima kwa digrii, na digrii moja huku kwetu ni kama kilomita 111. Nilikuwa nimeomba duara la digrii 500. Kwa hiyo kila leya utakayoleta, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya jina lake, nenda Export, ihifadhi upya ikiwa na 32737. Fanya hivyo kila mara, hata ukiona ni usumbufu.

Na ukipewa mchoro wa zamani wa upimaji wa viwanja, uliza kwanza kama uko kwenye Arc 1960, mfumo wa zamani wa majiranukta wa huku kwetu. Ukiuweka kama vile ni wa GPS, nyumba zitahama mamia ya mita. Kiwanja cha mtu kinaingia kwa jirani.

Hatua ya tatu, tulete taarifa. Nenda kwenye menyu ya Plugins, sakinisha programu-jalizi inayoitwa QuickOSM, inayovuta taarifa kutoka OpenStreetMap. Ifungue. Ina visanduku viwili: cha kwanza andika amenity, cha pili pharmacy. Eneo, chagua sehemu inayoonekana kwenye skrini tu, usiombe mkoa mzima maana utasubiri mpaka chai ipoe. Bonyeza, na maduka ya dawa haya hapa.

Angalia vizuri. Yamekuja kwa sura mbili: mengine ni nukta, mengine ni umbo la jengo zima, inategemea aliyechora alipenda nini. Yale ya umbo yapitishe kwenye zana ya Centroids yawe nukta, kisha unganisha leya mbili kuwa moja. Rudia pia utafutaji kwa shop na chemist, kwa sababu wachoraji hawakukubaliana jina.

Kwa njia ile ile vuta barabara, andika highway na kisanduku cha pili kiache wazi. Halafu nyumba, building. Halafu mto, waterway. Leya nne. Zote 32737, umesikia.

Hatua ya nne, fremu zetu tatu. Simama mbele ya kila fremu, fungua ramani ya simu, bonyeza kwa muda mrefu ulipo, utapata namba mbili. Kwa Tandale ni kama hasi 6.79 na 39.24. Ziandike kwenye Excel, safu ya jina na safu mbili za namba, hifadhi kama CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, kisha iingize QGIS. Hapa kuna mtego. Simu inatanguliza latitudo, QGIS inataka X kwanza, na X ni longitudo. Ukizigeuza, duka lako litafunguliwa Hispania, karibu na mpaka wa Ureno. Sitanii, jaribu uone.

Hatua ya tano, wateja. Njia ambayo video nyingi zinafundisha ni bafa: andika buffer kwenye kisanduku cha kutafutia zana, weka mita 500, unapata duara kuzunguka fremu. Hesabu nyumba zilizomo, hesabu washindani waliomo, umemaliza. Duara la mita 500 lina eneo la kama hekta 78, na ukiliangalia linapendeza sana.

Lakini hebu vuta hapa, fremu ya pili. Unaona Mto Ng'ombe unavyolikata duara? Nyumba zote hizi za ng'ambo zimehesabiwa kuwa wateja. Sasa mama aliyebeba mtoto mwenye homa, nyumba yake iko hapa, kwa ndege ni mita 150 kutoka dukani. Yeye si ndege. Atakwenda mpaka kwenye daraja, avuke, arudi. Njiani atapita duka la mtu mwingine, na dawa atanunua huko.

Kwa hiyo duara tunaliacha. Tafuta zana inayoitwa Service area, iko kwenye kundi la Network analysis. Leya ya barabara, weka ile ya highway. Sehemu ya kuanzia, bonyeza juu ya fremu. Gharama ya safari, mita 500. Endesha. Badala ya duara unapata umbo kama tangawizi, limetambaa kwenye barabara na vichochoro na kuishia mtu anapoishiwa mita zake. Zungushia bafa ndogo ya mita 30 ili liguse nyumba za pembeni, kisha hesabu nyumba zilizoguswa. Fanya hivyo kwa fremu zote tatu.

Matokeo yangu haya hapa. Kwa duara, fremu ya pili ilikuwa ya kwanza. Kwa tangawizi imeshuka ya mwisho, na fremu ya tatu, ile ya uchochoroni ambayo dalali alikuwa anaisemea kwa sauti ya chini, imepanda juu, kwa sababu vichochoro vinne vinakutana mlangoni kwake. Barabarani huioni. Kwenye ramani ya njia za miguu inaonekana kama stendi.

Angalizo dogo: nyumba si watu. Kuna jengo lina wapangaji wa vyumba kumi, kuna jengo ni stoo ya mkaa. Ukitaka makadirio ya watu tumia data za WorldPop, zimegawanywa vipande vya mita 100, au takwimu za Sensa ya 2022. Kwa kulinganisha fremu zilizo kata moja, nyumba zinatosha.

Hatua ya sita, maji. Chora bafa ya mita 60 kuzunguka mto. Namba hiyo sijaiokota: kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au ufukwe. Fremu ikiangukia humo, ifute. Dawa na maji ya mto haviwezi kukaa chumba kimoja.

Nje ya mita 60 je? Wengine watakwambia chukua mwinuko wa SRTM, ule uliopimwa kwa rada kutoka chombo cha anga mwaka 2000, utaona mabonde. Kwa mkoa mzima ni sawa. Kwa Tandale hapana. Kila kipande chake ni mita 30, na rada inapokutana na mabati yaliyobanana inapima paa. Mtaro wa upana wa mita mbili hauna habari nao. Chombo bora hapa ni mjumbe wa shina. Nenda naye, muulize maji ya Desemba 2011 yalifika wapi. Atakuonyesha alama ukutani: goti, kiuno, dirisha. Kila jibu liwekee nukta na urefu wake, na tayari una leya ya mafuriko ambayo SRTM haiwezi kukupa. Ramani Huria nao walikusanya taarifa hizo kwa kuwauliza wakazi.

Hatua ya saba, toka nje. Weka mradi wako kwenye QField, ni programu ya simu inayosoma kazi za QGIS hata bila mtandao, utembee umbo la tangawizi kwa miguu. Mimi nilipofika kwenye mshindani aliyekuwa ananitisha zaidi, nilikuta saluni. Ametoka zamani. Na kwenye kona ambayo ramani ilisema wazi, kulikuwa na duka jipya la dawa, rangi haijakauka vizuri. Nikarudi, nikarekebisha nukta mbili, nikahesabu upya. Fremu ya tatu ikabaki juu, ila kwa tofauti ndogo kuliko nilivyodhani jana yake.

Wale wa mipango miji na halmashauri mlioniandikia kwamba haya ni mambo ya wafanyabiashara, rudisheni video hatua ya tano. Pale palipo na fremu wekeni kituo cha kuchotea maji, na 500 iwe 400, maana Sera ya Maji ya 2002 ilitaka mtu wa kijijini apate maji ndani ya mita 400 na kituo kimoja kihudumie watu 250. Endesheni. Nyumba zilizobaki nje ya tangawizi ndizo zinazodai kituo kipya, na sasa mna ramani ya kupeleka kwenye kikao cha bajeti. Vituo vilivyochorewa duara tu hesabuni upya, hasa pale penye korongo au reli.

Kabla hujafunga kompyuta, ingia OpenStreetMap, ifute ile saluni kwenye orodha ya maduka ya dawa na uliandike lile jipya. Dakika tano tu. Faili la CSV la mfano nimeliweka kwenye maelezo chini ya video, na fremu zake nimezisogeza kidogo, maana ile ya tatu bado hatujailipia.