Mwezi wa Kwanza Usiiulize Mizani

Asalaam aleikum, na nyote habari za jioni. Ahsanteni kwa kuja, najua wengine mmetoka kazini moja kwa moja na wengine mmevuka feri.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili. Mtu ametembea kila alfajiri pale Mama Ngina, ufukweni hapa Mombasa, kutoka upande wa feri mpaka Lighthouse na kurudi, mwezi mzima. Kisha anapanda mizani, anakuta kilo ni zile zile. Au imezidi moja. Ananiambia, "Mwalimu, mwili wangu haukubali mazoezi." Wiki inayofuata simuoni tena. Leo nataka kusema na huyo, kwa sababu naamini mpo wengi humu ukumbini, na linaniuma sana mtu kuondoka wakati mwili wake ndio kwanza umeanza kuitikia.

Tuanze na hiyo kilo iliyozidi. Misuli ikianza kutumika huongeza akiba ya sukari ndani yake, na kila gramu ya akiba hiyo hushika kama gramu tatu za maji. Tena misuli isiyozoea kazi huvimba kidogo inapojitengeneza. Kwa hiyo kilo uliyoiona yaweza kuwa maji, wala si mafuta.

Na kwa nini mafuta hayakuondoka? Hapa tufanye hesabu, tusioneane haya. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700. Mtu wa kilo 70 akitembea kwa kasi saa nzima hutumia takriban kalori 300. Gawanya mwenyewe: ni karibu saa 26 za kutembea kwa kilo moja, ikiwa sahani haikubadilika. Ukitembea saa tano kwa wiki, hizo ni wiki tano na ushei. Na ukitoka kutembea ukapitia mahamri mawili na chai ya maziwa yenye sukari, umekaribia kuirudisha saa yote uliyotembea. Sisemi msile mahamri. Nasema kupungua uzito kunaanzia jikoni, na anayeyataka mazoezi peke yake yamfanyie kazi hiyo ameyabebesha mzigo usio wake.

Sasa je, ule mwezi ulipotea? La hasha.

Siku ya kwanza tu, kabla hata jasho halijakauka, misuli imeanza kuipokea sukari kutoka damuni kwa wepesi zaidi, na hali hiyo hudumu siku moja hadi mbili. Ndiyo sababu mwenye kisukari namwambia asipitishe siku mbili mfululizo bila mazoezi. Anayejidunga insulini azungumze na daktari wake kwanza, maana sukari inaweza kushuka kupita kiasi.

Wiki ya pili, ya tatu, unaona jambo la kushangaza. Ndoo ya maji uliyokuwa ukiitua mara mbili kabla ya kufika ghorofa ya tatu, sasa unaifikisha bila kusimama. Lakini mkono ukiupima kwa futi ya fundi cherehani, unene ni ule ule. Nguvu hiyo imetoka wapi? Ni ubongo na mishipa ya fahamu: imejifunza kuziita nyuzi nyingi zaidi za misuli zifanye kazi kwa pamoja. Misuli yenyewe kukua mpaka jicho lione, hesabu miezi miwili au mitatu. Vijana wangu wa jimu pale nyuma, nisikilizeni: kwa mwanamume anayeanza, kilo moja ya misuli kwa mwezi ni matokeo mazuri sana, wala hayaji kila mwezi. Mwanamke ni kama nusu yake. Anayekuahidi kilo tano kwa mwezi, usimpe pesa yako.

Presha je? Kwa mwenye presha ya juu, mazoezi ya miezi miwili mitatu kwa wastani huishusha ile namba ya juu kwa pointi tano hadi nane hivi. Ni faida kubwa kwa moyo. Haitoshi kukufanya uache vidonge bila daktari kukwambia.

Zinazochelewa kuliko zote ni kano, zile zinazounganisha misuli na mifupa. Damu inayozifikia ni kidogo, hivyo huchukua miezi kuimarika. Na hapa ndipo wengi huumia: wiki ya sita pumzi ipo, misuli ina nguvu, mtu amefurahi, anaongeza mbio maradufu, kisha kisigino kinamlaza wiki nne. Nawaomba, ongezeni kidogo kidogo hata mnapojisikia mnaweza zaidi.

Lipo jambo jingine ambalo vitabu vilivyoandikwa nchi za baridi havilisemi vya kutosha, nalo ni joto letu. Mwezi Machi 2007 mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika hapa Mombasa, kwenye uwanja wa gofu. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuwa ameshinda mbio ndefu miaka mitano mfululizo, akaja kutafuta ya sita. Katika mzunguko wa mwisho alijitoa mbioni, joto na unyevu vimemshinda. Zersenay Tadese wa Eritrea akachukua ushindi. Mwaka uliofuata, Edinburgh, Bekele akashinda tena. Mwili haukuwa umeharibika. Hali ya hewa ndiyo ilikuwa tofauti. Unyevu huzuia jasho kukauka, na jasho lisipokauka halipoozi mwili. Moyo unalazimika kupeleka damu nyingi kwenye ngozi, na mapigo yanapanda kwa mwendo ule ule. Mwili huchukua kama siku 10 hadi 14 kuzoea. Kwa hiyo usilinganishe mbio zako za Februari, wakati wa kaskazi, na zile za Julai kusi ikivuma. Linganisha Julai na Julai.

Wala usijilinganishe na jirani. Katika miaka ya 1990, huko Marekani na Kanada, utafiti uitwao HERITAGE uliwafundisha watu wasiozoea mazoezi kwa wiki 20, kwenye baiskeli za ndani, kwa ratiba moja. Kwa wastani uwezo wao wa kutumia oksijeni ulipanda vizuri. Ila wapo ambao karibu haukusogea, na wapo waliopanda kwa zaidi ya lita moja kwa dakika, na tofauti hizo zilifuata familia. Mimi hilo naliona ni faraja: aliyechelewa si mvivu.

Na kina bibi na babu mliokaa mbele, kwenu nina habari njema. Mwaka 1990 madaktari wa Boston walichapisha matokeo ya wazee wa karibu miaka 90, waishio katika nyumba ya kutunzia wazee, waliofundishwa kunyanyua uzito kwa miguu kwa wiki nane. Nguvu za miguu yao zilipanda kwa wastani wa asilimia 174. Kwa umri huo! Anayewaambia mmechelewa hana elimu ya jambo hili.

Basi mwezi wa kwanza mpime nini? Mara ngapi unainuka kwenye kiti kwa sekunde 30 bila kushika. Dakika ngapi unatembea kutoka mahali fulani hadi pengine. Usingizi. Presha na sukari, kwa kipimo kile kile, saa ile ile. Andika kwenye daftari tarehe moja ya kila mwezi. Kiuno kipime mwezi wa tatu. Mizani ikae mpaka hapo.

Mwisho, kukatika. Mgonjwa nyumbani, harusi, Ramadhani, safari ya bara. Pumzi huanza kushuka baada ya wiki mbili hivi. Nguvu za misuli hukaa muda mrefu zaidi. Na mwili uliowahi kuzoezwa hurudi upesi kuliko ulivyojengwa mara ya kwanza. Ukirudi baada ya Idi, anza na nusu ya ulichokuwa ukifanya, wiki moja, kisha panda. Wakati wa mfungo wenyewe, kutembea dakika 20 baada ya tarawehe kunatosha kukuweka njiani.

Karibuni maswali. Tuanze na akina mama.