Mzazi na Mtoto Wanaposubiriana: Kwa Nini Programu Huganda

Ndugu wanafunzi na wahandisi wenzangu,

Programu inapoganda baada ya kuanzisha programu nyingine, wengi wetu huharakisha kuizima na kuiwasha upya, na papo hapo ushahidi wote hupotea. Ninawaomba muiache ilivyo kwa dakika chache, kwa sababu mara nyingi mchakato huo (programu ikiwa inaendeshwa) haujaharibika. Unasubiri kitu kisichokuja, na mfumo endeshi unakijua.

Tuchukue programu ya Python, ambayo tutaiita mzazi, inayoanzisha ffmpeg, chombo cha kuchakata video, ili kubadilisha muundo wa video; ffmpeg hapo ndiyo mtoto. Video fupi zinapita salama, lakini video ndefu inasimama katikati bila ujumbe wa kosa, na kichakataji kimetulia kabisa. Ffmpeg huandika taarifa za maendeleo kwenye mkondo wa makosa (stderr), kila nusu sekunde, na mwandishi wa programu ameuelekeza mkondo huo kwenye bomba (pipe, njia ya kupitisha data kati ya michakato) kisha akaita wait(), yaani kungoja mtoto amalize, akikusudia kuyasoma yaliyoandikwa kazi itakapokwisha. Bomba la Linux kwa kawaida hubeba baiti 65,536 tu. Ikiwa kila taarifa ina herufi 100, bomba litajaa baada ya dakika tano na nusu hivi, na hapo kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, itamsimamisha mtoto mpaka mtu asome, ilhali mzazi hatasoma mpaka mtoto amalize. Ndiyo maana kasoro hii haionekani katika majaribio yetu ya faili ndogo, ikaja kuwaumiza watumiaji, jambo ambalo binafsi hunisikitisha sana.

Uthibitisho ni rahisi. Amri ya strace -p, inayoonyesha maombi ya mchakato kwa kerneli, ikipewa namba ya mchakato wa mtoto, itaonyesha write(2, ...) isiyokamilika, namba 2 ikiwa ndiyo mkondo wa makosa, na kwa mzazi itaonyesha wait4, yaani anamngoja mtoto. Tiba ni kutumia communicate(), ambayo husoma mikondo yote huku ikingoja, au kuelekeza taarifa hizo kwenye faili.

Lakini strace ikionyesha kwamba mtoto amekwama kwenye read(0, ...), habari ni nyingine: anangoja jibu. Faili la matokeo likiwapo tayari, ffmpeg huuliza kama iandike juu yake, na swali hilo limezama ndani ya bomba ambamo hakuna binadamu wa kuliona. Mfungieni mkondo wa kuingizia (stdin) kwa DEVNULL, yaani chanzo kitupu, tangu mwanzo.

Hali inayowasumbua hata wazoefu ni ya mjukuu, yaani mchakato ulioanzishwa na mtoto. Tuseme mnaendesha skripti ya Bash, nayo inaacha seva ikiendelea kwa nyuma. Skripti imekufa, ingawa namba yake bado ipo kama zombi kwa kuwa mzazi hajapokea hali yake ya mwisho, lakini mzazi bado amekwama akisoma, kwa sababu mwisho wa mkondo haufiki mpaka kila anayeshika ncha ya kuandikia aiachilie, na seva imeirithi ncha hiyo bila kuihitaji. Hapa amri ya lsof, inayoorodhesha faili na mabomba yaliyofunguliwa, itawaonyesha anayeishika. Kumuua mtoto peke yake hakusaidii, kwa kuwa mjukuu haguswi; mwanzisheni mtoto kwa start_new_session=True ili muda wa ukomo ukipita muweze kuliua kundi zima kwa killpg, na seva iliyokusudiwa kubaki hai ielekezewe mikondo yake kwenye faili la kumbukumbu kabla haijaanza.