Nimeshuka melini Cartagena, na leo mtalii ni mimi

Assalam aleikum watu wangu, hamjambo, karibuni tena. Ngoja nigeuze simu muone vizuri... haya, mwaiona hiyo meli nyuma yangu, hiyo nyeupe ndefu kama ghorofa lililolazwa, humo ndo ninamolala usiku wa tano sasa. Na hapa niliposimama ni Cartagena, Colombia, bahari ya Karibi hii, saa moja na nusu asubuhi na mi nshatoka jasho mpaka mgongoni. Hili joto nalijua wallahi, ni lile la Mombasa mwezi wa pili, waoga wajifuta na bado u maji. Minneapolis nina mwaka wa tisa, nilidhani mwili ushasahau, kumbe.

Mamangu najua watazama, usiwe na wasiwasi, kofia ninayo, maji nimenunua, na pesa nimezigawa, nusu mkobani na nusu mahali ambapo mwizi akizifikia tumeshaoana.

Sasa wengi mmeniuliza, mtu akishuka melini huwa aenda wapi, azunguka tu? Kwanza kuna wasioshuka kabisa, amelipa pesa zote zile na yuko juu pale anakula soseji. Wengine hununua safari ya meli, mwapakiwa basi watu arubaini, mwabandikwa stika kifuani zina nambari kama mizigo ya bandari ya Kilindini, mbele kuna mtu ameinua kibao, akisimama mwasimama, akienda mwaenda. Au ujitafutie mtu wako mwenyewe wa mji, tua gaidi wa peke yenu. Na msinicheke hilo neno, juzi nilipomwambia mamangu kwa simu "kesho nna gaidi wangu" alinyamaza kidogo kisha akaniuliza, "Wataka pesa ngapi wakuachilie?"

Sisi tuko wanne, mimi na mume wangu, na wifi yangu na mumewe, tumelipa dola 160 kwa masaa matano, gari na dereva ndani, yaani 40 kila mtu. Basi la meli lilikuwa 75 kwa kichwa. Lakini uwe macho, maanake kituo kilichopita, kisiwa sikitaji na hao watu siwataji, tulilipa onlaini ati "private", kufika bandarini twaambiwa tuingie kwa van na watu wengine kumi na moja, na kuna jamaa mmoja kila dakika ataka choo. Tangu hapo nauliza kwa maandishi kabisa: gari ni letu peke yetu? Ndio au la. Asiyejibu la wala ndio, nampita.

Bandari yenyewe nimeipenda, ukitoka tu wapita kwa bustani ina kasuku wale wakubwa wa rangi rangi, flamingo wamesimama mguu mmoja, wafikiri umeingia Haller Park kule Mombasa. Na getini ndo alikuwa yuatungoja. Jina lake silitaji, sikumuomba ruhusa, mi namwita Senyora. Mama wa miaka sitini hivi, mfupi, viatu vya raba, mwavuli mweusi wa jua, sauti ya mwalimu wa madrasa. Kingereza chake ni cha kuungaunga ila kila neno liko mahali pake.

Hapa niwaambie kitu. Wanaonijua wanajua Ami yangu, Mungu amrehemu, maisha yake yote alitembeza wageni Fort Jesus, ile ngome ya Mombasa, na Mji wa Kale. Kitaliano alijifunza hukohuko kwa Wataliano, Kijerumani kwa Wajerumani, shule hakumaliza. Sisi watoto tulikuwa twakaa barazani tukiwaona wageni wa meli wakipita na kaptura na mapua mekundu, twawacheka. Na leo mimi ndo mwenye kaptura. Pua haijawa nyekundu, lakini mwanishika.

Basi tukaanza na ngome, Castillo San Felipe. Si ngome, ni mlima umevalishwa mawe. Mwaona hii njia ya kupandia, imelala mshazari, ukipanda mapaja yanakuuliza ulikuwa wapi siku zote. Hii mnayoiona leo waliipanua sana mwaka 1762, chini kuna mahandaki, Senyora akatutia ndani akasema nyamazeni, akaenda mbele kama hatua hamsini akatembea pole pole, na sisi huku twasikia kila kisigino. Ndivyo walivyokuwa wakimsikia adui kabla hawajamuona.

Na chini kuna sanamu ya mzee mmoja wa mguu mmoja, Blas de Lezo, amiri wa Kihispania aliyeulinda mji. Huyu mguu wa kushoto hana, jicho la kushoto halioni, mkono wa kulia haufanyi kazi. Mwaka 1741 Muingereza Vernon akaja na vyombo 186, mzee ana meli kubwa sita tu. Huko London watu wakapata habari kwamba mji umeanguka, wakafyatua medali kabisa, Lezo amepigishwa magoti mbele ya Vernon. Mji haukuanguka! Homa ya manjano iliwafagia Waingereza na ngome haikupandika, wakarudi zao, na medali zishatoka. Ukisherehekea harusi kabla ya kadhi kufika mambo huwa hayo.

Sasa nikamuuliza Senyora, hizi kuta za mji ni nani aliyezianzisha, maana zinazunguka kama kilomita kumi na moja. Akanambia, Drake yule Muingereza aliuteka mji mwaka 1586, hakutoka mpaka alipolipwa dukati 107,000, pesa za zama hizo, basi mfalme Felipe wa Pili akaona hapana, akamtuma injinia wa Kitaliano, Antonelli, aje kupima kuta. Mi nikasimama. Nikamwambia ngoja ngoja, mfalme gani? Felipe. Jamani, Fort Jesus ilianzwa 1593, na aliyekuwa mfalme wa Ureno wakati ule ni huyohuyo Felipe, alikuwa ametawala Uhispania na Ureno kwa pamoja, na injinia wa Fort Jesus naye Mtaliano, Cairati. Mtu mmoja amekaa huko kwao na ramani, kidole kimoja Cartagena kidole kingine Mombasa. Nikamtolea Senyora picha ya Fort Jesus kwa simu, akaivuta ikawa kubwa, akaangalia zile pembe za kuta, akasema kwa Kihispania kitu mume wangu alichotafsiri, "Hii ni dada yake."

Ami hii angeijua angeipiga kwa wageni kila siku. Yeye alikuwa na yake moja tu ya 1698, vile Waomani walivyoingia. Na Senyora naye ana yake, Wafaransa waliingia hapa 1697. Mwaka mmoja mbele yetu tu.

Haya, tukaingia mjini kwa geti la mnara wa saa. Nyumba za manjano, za bluu, roshani za mbao zimejaa maua mpaka yanaangukia watu vichwani, milango mikubwa ya misumari, wallahi ukinifunga macho ukanifungulia hapa naweza kukwambia niko Lamu wameifanyia rangi. Ukishapita geti kuna uwanja, Plaza de los Coches. Watu wanakula aiskrimu. Senyora akafunga mwavuli wake. Akasema hapa ndipo walipokuwa wakiuzwa. Cartagena ilikuwa bandari kubwa ya kuingiza watumwa Amerika yote ya Mhispania. Hakuongeza kitu, alituacha tu tusimame, na basi la watu arubaini likapita kando yetu, gaidi wao akisema kwa maikrofoni "and here, beautiful balconies".

Karibu na hapo kuna kanisa la San Pedro Claver, padri aliyefika 1610, kazi yake kushuka kwenye meli za watumwa na maji na dawa, alijiita mtumwa wa watumwa milele. Mifupa yake iko chini ya altari kwenye kioo, fuvu laonekana. Wifi yangu alitoka mbio. Lakini Senyora akaniambia kitu ambacho hakiko kwenye kile kibao cha mlangoni: padri lugha zao nyingi hakuzijua, aliwatumia wakalimani Waafrika, na wakalimani hao walikuwa watumwa wa mapadri wenyewe. Nikafikiria nikasema basi hao ndo tua gaidi wa kwanza wa mji huu, na hawakupewa hata tipu. Na kwetu tusijifanye malaika, Kengeleni pale Frere Town, Mombasa, ile kengele ilikuwa ya kuwaonya watumwa walioachiliwa kwamba wakamataji waja.

Kuna pia sanamu ya mama mnene amelala uchi, ya Botero, msanii wa hapahapa Colombia, wageni wanamshika kifua ati bahati. Mamangu hapo nimekata video.

Sasa njooni huku, hii ndo niliyotaka kuwaonyesha. Chini ya matao haya mwaitwa Portal de los Dulces, wauza vitamu, vioo vimepangwa. Tazama hii. Tazama vizuri. Hii ni nini? KASHATA. Kashata ya nazi kabisa, wanaiita cocada, iko nyeupe, iko ya kahawia, iko ya pinki kama ile ya sokoni Marikiti, Mombasa. Na hii ya duara ni bisi za nafaka ndogo, jamii ya mtama, zimefinyangwa na nazi na sukari guru, inaitwa alegría, maana yake furaha. Nimeuma moja, nikanyamaza.

Muuzaji ni mama mweusi kama mimi, gauni la manjano na bluu na nyekundu, anatoka Palenque, kijiji kama kilomita 50 kutoka hapa, watumwa waliotoroka ndo walikianzisha. Kiongozi wao Benkos Biohó Wahispania walimuua mwaka 1621, na bado ilipofika 1713 ikabidi wawaache huru na kijiji chao. Na wana lugha yao, Kihispania kimechanganyika na Kikongo. Senyora akamwambia yule mama, huyu atoka Afrika Mashariki, mpe maneno. Yule mama akaniangalia, kachoka, nadhani kila mgeni humuomba picha. Akasema, "Ngombe."

Nikamwambia rudia. "Ngombe." Akanyoosha vidole viwili kichwani kama pembe. Mi nikamwambia ng'ombe! Na sisi twasema ng'ombe! Akaacha kupanga kashata zake. Akasema "moná", akaweka mkono chini hivi, urefu wa mtoto. Mwana. Wakiwa wengi? "Ma moná." Wanatia "ma" mbele jamani, kama sisi na maembe! Sikuchukua video hapo, mtanisamehe, nlikuwa nalia, mume wangu ananipapasa mgongo, yule mama naye acheka aniongezea cocada moja bure, kisha akanitoza ile ya kwanza bei ya mtalii vilevile. Biashara ni biashara.

Kwa gari kwenda Getsemaní dereva akaweka muziki, besi imepiga mpaka kioo chatikisika, mi nasikia gita nasema hii si Kongo hii? Ni champeta. Mabaharia walikuwa wakileta sahani za santuri za Afrika miaka ya sabini, soukous na wenzake, zapigwa kwenye maspika makubwa yaliyochorwa rangi, wanayaita picó, na didijei alikuwa akibandua lebo ya sahani ili mwenzake asijue ni nani aliyeimba. Uchoyo wa kwetu kabisa huo.

Getsemaní ni mtaa wa mafundi, ndiko watu walikotoka tarehe 11 Novemba 1811 kwenda kudai uhuru. Sasa kuta zote michoro na kodi zapanda, Senyora alituonyesha mlango wa nyumba aliyozaliwa, leo ni hoteli. Hakuingia. Mkahawa aliotupeleka ni wa shemejiye, najua mchezo huo, Ami naye duka la vinyago lilikuwa la mtu wake, sikusema kitu. Na wali ulikuwa wa nazi! Lakini wao tui wanalichemsha mpaka likauke, vibaki vile vichembe vya kahawia chini ya sufuria, ndo mchele uingie na sukari. Mtamu, wa kahawia, na samaki mzima na ndizi mbichi iliyopondwa ikakaangwa mara mbili. Ni mzuri. Wa mamangu ni mzuri zaidi, sukari kwenye wali wa samaki bado twajadiliana.

Masaa yetu matano yalipokwisha tukarudi getini. Nikampa Senyora tipu, noti nimezikunja, hakuziangalia wala kuzihesabu, ameziteremsha mkobani akiendelea kuniuliza kama Fort Jesus ina mahandaki. Ami alikuwa hivyohivyo. Halafu jioni akishakula alikuwa akivua kofia atuigie wageni wa siku hiyo mmoja mmoja, huyu alivyoanguka ngazini, yule alivyomuogopa paka, sisi mbavu hatuna. Sasa nimekaa huku juu kwenye balkoni, honi ishalia, taa za mji zaenda zikipungua, na najua huko Senyora yuko mezani na watu wake, anawaonyesha yule mwanamke wa Mombasa alivyolia kwa sababu ya ng'ombe.